Unaenda Comiket mara ya kwanza? Soma hii kabla hujafunga begi

Nimeenda Comiket, lile soko kubwa la Japani la vitabu vya katuni vya kujichapishia, mara tatu, mara mbili ya Agosti na mara moja ya Desemba, na kila nikirudi kuna mtu ananiuliza maswali yaleyale, tiketi inapatikanaje, joto likoje, ni kweli watu wanalala kwenye foleni, kwa hiyo nimeona bora niandike yote sehemu moja, mtu mwenye ndoto ya kwenda asome ajipange. Na kama unapenda anime na manga (katuni za Kijapani, za video na za vitabu) kweli, sio kuangalia tu ukamaliza, basi hii safari weka akiba uende, hata ikichukua miaka mitatu.

Kwa asiyejua, Comiket inafanyika Tokyo mara mbili kwa mwaka, katikati ya Agosti na mwisho wa Desemba, kwenye jengo linaitwa Tokyo Big Sight, lile lenye piramidi zilizopinduliwa juu chini, lipo Ariake kwenye ardhi iliyojazwa baharini. Ilianza tarehe 21 Desemba 1975, vikundi 32 tu vya wachoraji kwenye ukumbi mdogo, watu waliokuja kama 700 hivi. Desemba 2019 kwa siku nne wakaingia 750,000. Baada ya korona wamepunguza, sasa ni siku mbili na huingii bila tiketi, ila usidhani ndo kumekuwa kweupe, bado ni watu na watu.

Sasa kitu cha kwanza uelewe, maana wengi wanaenda wakitegemea jukwaa na mastaa na trela za msimu mpya. Vibanda vya makampuni vipo ndio, lakini roho ya Comiket ni meza. Maelfu ya meza. Kila meza ya kukunja wanagawana vikundi viwili, yaani kila kikundi kina kama sentimita 90 tu, na hapo amekaa mtu aliyechora kitabu mwenyewe, akalipia kuchapisha mwenyewe, na anakiuza mwenyewe. Hivyo vitabu vinaitwa dojinshi. TYPE-MOON, watengeneza gemu waliotoa Fate, walianzia hapo hapo, Desemba 2000 walikuwa wanauza gemu lao la kujitengenezea kwenye Comiket kama mtu mwingine yeyote. CLAMP, lile kundi la wachoraji wa manga, nao walianza kama kikundi cha dojinshi miaka ya 80. Na waandaaji wana msimamo mmoja naupenda sana, wanasema pale hamna mteja. Anayeuza ni mshiriki, anayenunua ni mshiriki, na wale vijana wenye vitambulisho wanaopanga foleni ni washiriki pia, wanajitolea, hawalipwi. Ukilishika hilo mapema, mambo mengine yote nitakayosema hapa yatakuingia kirahisi, kwa sababu sheria nyingi za pale zinatoka hapo.

Tiketi. Zipo za kuingia mapema, za asubuhi na za mchana, na unapewa bangili ya kuvaa mkononi. Bei na njia ya kununua vinabadilika kila awamu kwa hiyo usifuate video ya mwaka juzi, nenda tovuti rasmi ya Comiket, kuna ukurasa wa Kiingereza, soma wote. Ushauri wangu kwa mgeni ni mmoja, chukua ya mchana. Najua utaona kama unakosa uhondo, ila sikiliza, mwenye tiketi ya asubuhi anasota foleni masaa, mwenye ya mchana mara nyingi anafika anatembea anaingia. Utakachokosa ni vitabu vya wale wachoraji wakubwa vinavyoisha mapema. Vikundi vingine vyote, ambavyo ndo vingi zaidi, bado vina mzigo. Ukienda mara ya pili na unajua unachokitafuta, hapo sasa chukua ya asubuhi.

Kulala foleni usiku ni marufuku, na hata kufika kabla ya treni ya kwanza hawataki kabisa. Sio sheria ya kwenye karatasi tu, majirani wa eneo lile wakichoka na fujo mwisho wake ni shughuli yenyewe kupoteza ukumbi, na kila mtu pale anajua hivyo.

Kufika: kuna njia mbili za treni. Rinkai unashuka kituo cha Kokusai-Tenjijo, na ile ndogo isiyo na dereva, Yurikamome, unapanda Shimbashi unashuka Tokyo Big Sight. Mimi nachagua Rinkai, kwa sababu kuna treni zinaunganisha moja kwa moja kutoka Shinjuku na Shibuya, kwa hiyo hoteli tafuta upande huo, za Ariake zenyewe zinajaa mapema na bei inapaa. Kadi ya treni ijaze hela ya kwenda NA kurudi usiku uliotangulia. Usije ukasimama kwenye mashine ya kujaza salio jioni watu elfu kadhaa wako nyuma yako.

Haya, joto. Nimekulia Dar, nilijua joto nalijua. Agosti ya Tokyo ni kitu kingine jamani, inafika nyuzi 35 na unyevu juu, na pale nje kwenye foleni chini ni zege, hamna mti, na upepo wa bahari siku nyingine haupo kabisa. Agosti 2013 ndani ya ukumbi jasho na pumzi za watu vilipanda juu vikafanya ukungu kama wingu chini ya dari, watu wakapiga picha, wakaliita wingu la Comiket. Kwa hiyo maji lita mbili, sio chupa moja. Pipi za chumvi zipo kila duka dogo kule, wanaita kombini, nunua pakiti. Taulo ndogo unalowesha unaweka shingoni. Kofia yenye ukingo, usitegemee mwamvuli kwa sababu kwenye foleni ya watu waliobanana ncha ya mwamvuli iko usawa wa jicho la mtu. Na ulale, na ule asubuhi. Wanaoanguka pale sio wazee, ni vijana wa miaka 20 waliokesha na hawajala. Nilimuona mmoja mbele yangu anaanza kuyumba, uso umekuwa mweupe kama karatasi, jirani zake walimkalisha chini haraka na mmoja akanyoosha mkono juu kuita wahudumu, ndani ya dakika mbili wamefika. Ukisikia kizunguzungu, sema. Usijikaze. Hata kama hujui Kijapani kaa chini nyoosha mkono, inatosha.

Desemba ni kinyume, upepo wa ghuba unakata mpaka kwenye mfupa. Vaa nguo nyepesi nyingi moja juu ya nyingine kuliko koti moja kubwa, kwa sababu ukiingia ndani kwenye watu utatoa jasho, unataka uweze kuvua. Kuna vifuko vya joto vya kuweka mfukoni na vingine vya kubandika mgongoni juu ya nguo, vinaitwa kairo, bei rahisi sana, beba vingi.

Foleni yenyewe inavyokwenda, unapangwa kwenye mafungu, kila fungu lina safu zake, mnakaa chini mnasubiri, fungu lenu likiitwa mnasimama wote na kutembea pamoja, anayeongoza akiwa amenyoosha mkono juu. Kabla hujaondoka kwenda chooni (na choo nacho kina foleni yake ndefu, kwa hiyo maliza shida zako hotelini) piga picha bango la fungu lako na kitu chochote cha karibu, halafu mwoneshe jirani kwa ishara kwamba unarudi. Muda wa kufungua ukifika, saa nne na nusu asubuhi, unasikia ukumbi mzima unapiga makofi. Halafu mnatembea. MNATEMBEA. Utasikia wahudumu wanaimba "hashiranaide kudasai", maana yake tafadhali msikimbie, na wanarudia hivyo hivyo siku nzima mpaka sauti zinakauka. Mtu mmoja akijikwaa mbele ya watu elfu mbili wanaokimbia haamki tena, kwa hiyo hata ukiona mwenzako anaongeza mwendo wewe tembea.

Kabla ya siku yenyewe kuna kazi ya nyumbani, na hii ndo inatenganisha anayefurahia na anayezunguka tu mpaka miguu inawaka. Kuna katalogi, ipo ya kitabu kinene na ipo ya mtandaoni, ina kila kikundi na siku yake na mahali pake. Mahali panaandikwa kwa mfumo, kwanza ukumbi (Mashariki, Magharibi au Kusini), halafu herufi ya mstari, halafu namba ya meza, halafu a au b kwa sababu meza ni nusu nusu. Vikundi vinavyoanza vinawekwa katikati ya ukumbi kwenye mistari, wanaita visiwa. Vyenye watu wengi vinawekwa ukutani, ili foleni yao itoke nje kupitia mageti makubwa, kwa hiyo ukiona anwani ya mchoraji wako ni ya ukutani, jua kabisa utapanga nje juani. Wiki moja kabla, wachoraji wanaweka kwenye mtandao wa X picha inaitwa oshinagaki, ni kama menyu, inaonesha vitabu vyote watakavyokuwa navyo na bei na namba ya meza. Hizo picha ZIHIFADHI kwenye simu, usiseme utaziangalia pale pale, makampuni ya simu yanaleta mpaka magari yenye minara lakini mtandao bado unakwama watu wakiwa wengi. Ramani chapisha kwenye karatasi. Chagua vikundi kumi, usizidishe, na ujue vipi vitatu ni lazima. Na upange kwa ukumbi, maana kutoka Mashariki kwenda Magharibi ni safari, njia nyingine za upande mmoja tu, unaweza kumaliza nusu saa unatembea kwa hatua za kinyonga.

Hela. Hapa ndo nilipokosea mara ya kwanza na sitaki na wewe urudie. Nilienda na noti za yeni 10,000 safi kabisa kutoka kwenye mashine, nikafika meza ya dada mmoja ambaye kazi zake nazifuatilia miaka, kitabu yeni 500. Nikatoa noti. Akaiangalia, akafungua kibati cha biskuti alichokuwa anawekea sarafu, akaanza kuhesabu, moja moja, anazipanga mezani kwenye vimnara vidogo, na nyuma yangu watu wanaongezeka, na mimi naona kabisa nikichukua ile chenji yote yeye atabaki hana kitu cha kuwarudishia wengine. Nikamwambia basi, nitarudi, nikaenda kutafuta chenji kwenye mashine za vinywaji na dukani, niliporudi bango limewekwa, kimeisha. Kwa hiyo siku mbili tatu kabla anza kuvunja hela kidogo kidogo, kila unachonunua dukani lipa na noti kubwa. Unataka sarafu za 500 kumi na kuendelea, za 100 nyingi, na noti za 1,000. Vitabu vingi ni 500 au 1,000. Wapo wanaopokea kwa simu lakini usitegemee. Zitenganishe, sarafu kwenye kipochi kinachofunguka mdomo mpana, noti mfuko mwingine, na ukiwa kwenye foleni uwe umeshaishika hela kamili mkononi kabla hujafika mezani.

Mezani sasa. Kuna nakala moja ya kuangalia, ina karatasi imeandikwa mihon, sampuli. Usiichukue tu, omba: "mite mo ii desu ka". Ifungue kwa mikono miwili, mikono iwe mikavu (taulo lile), pitia haraka, irudishe. Usipoipenda hamna ubaya wowote, unainamisha kichwa kidogo unasema arigatō gozaimasu unaondoka, wamezoea. Ukiipenda: "shinkan ichibu kudasai", naomba kitabu kipya nakala moja. Shinkan ni kipya cha awamu hii, kikan ni cha zamani. Sentensi hizi mbili zinatosha kabisa siku nzima, zikariri kwenye ndege. Na kama umetoka Afrika Mashariki umefuata kitabu chake, mwambie. Mimi niliandika kwenye kikaratasi kwa Kijapani, rafiki alinisaidia, kwamba nasoma kazi zako tangu niko Tanzania. Nilimpa yule dada Desemba iliyofuata. Alisoma mara mbili, akaficha uso na kitabu, halafu akaniuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga, Tanzania, ni kweli, Tanzania? Usipige domo refu lakini kama nyuma kuna watu, sema la moyoni usogee.

Kitu kingine utakutana nacho ni kibao. Ukijiunga na foleni ya kikundi chenye watu, wa mwisho anashika kibao kimeandikwa saikōbi, mwisho wa foleni. Ukifika unanyoosha mkono, anakupa, sasa wewe ndo mwisho, unakishika juu waone wengine, akija mwingine unampa. Hamna anayesimamia. Mara ya kwanza nilipopewa kile kibao nilishangaa, mgeni kabisa nimeaminiwa kazi, na aliyefuata nyuma yangu akanipokea kwa kuinama. Angalia lakini, kuna kibao kingine cha kusema hapa ni katikati ya foleni, mwisho uko kwingine, maana foleni zinakatwa ili watu wapite njiani. Usipojua kusoma, linganisha na picha ya maandishi ya saikōbi uliyohifadhi kwenye simu: 最後尾.

Begi: la mgongoni livae mbele ukiwa ndani, mgongoni unapiga watu na kuangusha vitabu mezani. Usiende na sanduku la magurudumu. Weka faili gumu la plastiki ndani ili vitabu visikunjike, na mifuko miwili ya kitambaa. Ukinunua vingi mpaka bega linauma, kuna huduma ya kutuma mzigo pale pale, unaweka kwenye boksi unaupeleka hotelini kwako.

Kosplei, yaani kuvaa kama mhusika wa anime au manga, nitasema kwa ufupi kwa sababu mimi sio mkosplei. Huruhusiwi kuja umevaa au kuondoka umevaa, unabadilishia vyumba maalum na kuna ada. Kupiga picha kuna maeneo yake, na unaomba KWANZA, kila mara, hata kama watu kumi wanampiga. Mwenye wapigaji wengi watapanga foleni au watamzunguka, halafu anahesabiwa namba kurudi chini, ikiisha kamera zote zinashuka. Ikishuka, imeshuka. Usipige picha za kuiba kwa chini au kwa mbali na zoom, hiyo ni aibu na wanakutoa. Ukirudi mezani, usipige picha za meza wala nyuso za wauzaji bila ruhusa, wengi kazini kwao hawajulikani kama wanachora.

Lingine la kusema wazi. Sehemu kubwa ya dojinshi ni za watu wazima, na zimepangwa humo humo, kwa hiyo kama unaenda na mdogo wako soma katalogi ujue ukumbi upi siku ipi. Kununua lazima uwe na miaka 18 na wanaweza kukuomba kitambulisho, pasipoti iwe karibu. Na hata ukiwa mtu mzima fikiria mpaka wa nchi utakaovuka ukirudi navyo. Sheria za picha za ngono za Tanzania na Kenya ni kali, na wenzetu mlioko Uingereza au Kanada, huko hata picha za kuchorwa tu zinaweza kukuletea kesi kulingana na kilichochorwa. Usibebe kitu ambacho huwezi kumfungulia ofisa wa forodha.

Saa kumi jioni inatangazwa mwisho na makofi tena, safari hii marefu zaidi, wauzaji wanasimama wanapiga, wanunuzi wanapiga, wahudumu wanapiga. Kaa uone hicho. Usikimbilie kituo, treni ya muda ule imejaa kama basi la mwendokasi la Kimara, Dar, saa moja asubuhi, tafuta ukingo nje ukae saa moja, kunywa maji, vua viatu kidogo, soma kitabu kimoja.

Na ukimaliza kusoma fungua ukurasa wa mwisho kabisa. Kila dojinshi ina kisanduku kidogo pale nyuma, jina la kikundi, jina la kalamu la mchoraji, tarehe, kiwanda kilichochapa, na anwani ya kumpata. Mwandikie. Mistari miwili tu, ukurasa gani ulikugusa na kwa nini, tumia programu ya kutafsiri hakuna atakayejali makosa. Wengi wanachapisha nakala chache na hela ya uchapaji hairudi yote, na wanaanza kuchora cha awamu ijayo wiki hiyo hiyo, kwa hiyo tuma usiku huo huo, kabla hujalala.